Zuia joto lisiingie nyumbani kabla hujalilipia luku



Ndugu msomaji, kila unapoingia msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, wakazi wa mwambao kutoka Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar hadi Mombasa huwa na kilio kimoja: joto. Watoto hawalali, wazee wanahema, na asubuhi watu wanaamka wamechoka kuliko walivyolala. Katika hali hiyo wenye uwezo, na hata wasio na uwezo, hukimbilia dukani kununua kiyoyozi. Mwezi haujaisha, luku inalia.

Jambo hili linatuhusu zaidi sisi Waislamu katika miaka hii, kwa sababu Ramadhani imeingia katikati ya joto. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, mwaka 2026 ikaanza Februari. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Februari na mwaka 2028 mwishoni mwa Januari, kutegemea kuandama kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo tutafunga katika siku zenye joto kali kuliko zote za mwaka huku pwani. Aliyefunga hanywi maji mchana, usiku anasimama tarawehe, alfajiri anaamka kula daku. Kama saa chache zilizobaki za kulala atazimaliza kwa kujigeuzageuza kitandani, mwili wake utadhoofika.

Nianze kwa kuondoa dhana moja. Wapo wanaodhani kuvumilia joto ni sehemu ya subira na kwamba anayetafuta ubaridi anajidekeza. Sivyo. Dini yetu imelizingatia joto kiasi kwamba Mtume (SAW) alielekeza Swala ya Adhuhuri icheleweshwe kidogo joto linapokuwa kali. Kwa hiyo kutafuta nafuu si kosa. Kosa ni israfu, yaani kutumia fedha nyingi kuondoa tatizo ambalo tungeweza kulizuia kwa fedha kidogo. Na rai yangu katika makala hii ndiyo hiyo: nyumba zetu nyingi za siku hizi tumezijenga ziwe tanuri, kisha tunainunua hewa baridi kwa luku. Tulizuie joto lisiingie kwanza. Likishindikana hilo, feni. Kiyoyozi kiwe cha mwisho.

HESABU YA LUKU

Tuanze na hesabu, maana wengi hununua kiyoyozi bila kuipiga. Kwa Tanzania, bei za umeme zilizopangwa mwaka 2016 ziligawa wateja wa majumbani makundi mawili. Mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inakuwa shilingi 122. Mwenye matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292, ambazo pamoja na kodi na tozo zinakaribia 356.

Chukua familia yenye taa, televisheni, friji ndogo na feni, inayotumia uniti 70 kwa mwezi. Gharama yake ni kama shilingi 8,540. Familia hiyo ikifunga kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 chumbani na kukiwasha saa nane kila usiku, hata tukichukulia kwamba mashine hupumzika mara kwa mara, haitashangaza kikila uniti tano kwa usiku mmoja. Hizo ni uniti 150 kwa mwezi. Sasa jumla ni uniti 220. Familia imeshatoka katika kundi la uniti 75, na ikihamishiwa kundi la juu italipa bei ya juu kwa kila uniti, pamoja na zile za taa na friji. Mara 220 kwa 356 ni shilingi 78,320. Ndugu msomaji, bili imepanda zaidi ya mara tisa kwa ajili ya chumba kimoja!

Linganisha na feni. Feni ya kusimama ya wati 60 ikizunguka saa kumi kila usiku hula uniti 18 tu kwa mwezi. Kwa bei ya chini ni shilingi 2,196, na hata kwa bei ya juu haifiki 6,500. Tofauti inayobaki ni ada ya madrasa, ni maziwa ya watoto, ni futari ya mwezi mzima.

JOTO LINAINGIA WAPI?

Watu wengi hudhani joto la ndani linaletwa na hewa ya nje. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa linaletwa na jua linalopiga jengo lenyewe. Na kwa huku kwetu, karibu na Ikweta, jua la mchana hupita juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo kinachopigwa kuliko vyote ni paa. Baada ya paa ni kuta na madirisha ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri. Kuta za kaskazini na kusini hupata nafuu.

Bati likipigwa na jua la saa saba huwa la moto kiasi cha kutoshikika. Lisipokuwa na dari chini yake, joto lile hushuka moja kwa moja juu ya vichwa vya waliomo. Na hapa kuna jambo la kusikitisha. Siku hizi imekuwa fasheni kuezeka kwa bati za rangi nzito: nyekundu iliyoiva, kahawia, kijani cha giza, hata nyeusi. Zinapendeza machoni, lakini rangi nzito hunywa jua, ilhali rangi nyeupe hulirudisha. Anayejenga leo na akachagua bati jeupe au la rangi hafifu amepunguza gharama za nyumba yake kwa miaka yote atakayoishi humo, tena bila kuongeza senti.

Aliyekwisha kujenga asikate tamaa. Anaweza kupaka paa rangi nyeupe ya nje iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati. Wenzetu wa mji wa Ahmedabad, India, baada ya joto la mwaka 2010 lililoua watu wengi, waliweka mpango wa kukabiliana na joto mwaka 2013, na kuanzia mwaka 2017 wakaongeza kazi ya kupaka mapaa rangi nyeupe, hasa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Kama jambo hili limewafaa wao, kwa nini lisitufae sisi wa Mbagala na Mwembe Tanga? Tahadhari mbili tu. Usipake chokaa juu ya bati, maana chokaa mbichi hula madini yanayolikinga bati lisipate kutu. Chokaa iache ukutani. Na kama unakinga maji ya mvua kwa kunywa, muulize muuza rangi kama inafaa kwa paa la kukinga maji, na mvua ya kwanza usiikinge.

Kisha dari. Chumba chenye bati bila dari ni jiko. Dari ya bodi, hata ya mbao nyepesi, hutenganisha joto la bati na watu. Lakini dari peke yake haitoshi. Nafasi iliyopo kati ya bati na dari lazima ipumue. Mwambie fundi aache matundu kwenye kuta za pembeni za paa na chini ya ukingo wake, na ayazibe kwa wavu ili popo na panya wasiingie. Hewa ya moto hupanda. Ikipata mlango wa kutokea itatoka, ikikosa itashuka kwenu.

WAZEE WETU WALIJUA

Angalia nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari iliyo juu, vichochoro vyembamba vinavyopeana kivuli, ua katikati ya nyumba, na baraza mbele. Nyumba za makuti za mashamba nazo ni baridi, kwa kuwa makuti hayashiki joto kama bati, ingawa yana hatari ya moto na wadudu. Sisemi turudi kwenye makuti. Nasema wazee wetu walijenga huku wakijua jua linatoka wapi na upepo unavuma kutoka wapi.

Sisi tunafanya nini? Tunakata mkungu na mwarobaini uliokuwepo kiwanjani kabla hata ya kuchimba msingi. Uwanja wote tunaupiga zege au vitofali, ambavyo hunywa joto mchana na kulitoa usiku mbele ya madirisha yetu. Tunajenga ukuta mrefu unaokinga upepo. Madirisha tunaweka ya vioo ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua yote, nusu inabaki imeziba. Kisha tunalalamika kuwa Dar es Salaam siku hizi ina joto.

Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Chumba kinachotaka kupoa msimu wa joto kinahitaji dirisha upande huo na tundu jingine upande wa pili ili upepo upite. Dirisha moja peke yake halisaidii sana. Upepo hauingii mahali usipoweza kutokea. Kama chumba kina dirisha moja, weka matundu juu ya mlango. Ni kazi ya fundi ya siku moja.

Kivuli nacho kiwe nje ya kioo, si ndani. Pazia zito la ndani husaidia kidogo, lakini jua likishapita kioo joto limeshaingia. Kipande cha turubai, mkeka, ukili au kibaraza cha bati chenye upana wa hatua moja juu ya dirisha la magharibi hufanya kazi kubwa zaidi. Bora kuliko vyote ni mti. Panda mkungu, mwembe au mwarobaini upande wa magharibi, mbali kidogo na msingi na mbali na nyaya za umeme. Baada ya miaka michache utakupa kivuli cha bure, na kila mtu na ndege atakayefaidika nao ni sadaka yako.

STARA, MBU NA WEZI

Hapa najua akina mama watauliza: tutafunguaje madirisha na sisi tunataka stara? Ni swali la haki, na ndilo linalofanya nyumba nyingi za Waislamu zifungwe mchana kutwa kwa mapazia mazito. Lakini stara na hewa havigombani. Madirisha ya shata za mbao zenye mbao za mlalo, kama yale ya Zanzibar, huingiza upepo huku mtu wa nje haoni ndani. Matofali ya matundu yaliyowekwa juu ya usawa wa macho hufanya hivyohivyo. Pazia jepesi lenye rangi nyeupe, lililofungwa chini lisipeperuke, linatosha mchana, kwa kuwa ndani ni giza kuliko nje. Usiku taa ikiwashwa mambo hugeuka, hapo ndipo pazia zito linahitajika.

Kuhusu mbu, weka nyavu madirishani na mlale ndani ya chandarua. Usiache chandarua kwa kisingizio cha joto. Malaria ni ghali kuliko umeme. Chandarua hupunguza upepo, hivyo feni isogezwe karibu na kitanda. Kuhusu wezi, nondo imara na kitasa madhubuti ni gharama ya mara moja. Kiyoyozi ni gharama ya kila mwezi.

Tena kuna suala la afya ambalo halisemwi. Viyoyozi vingi vya majumbani haviingizi hewa mpya. Huizungusha ileile ya chumbani. Watu sita wakilala katika chumba kilichofungwa, na mmoja ana kifua kikuu au mafua makali, wote wanavuta hewa yake usiku kucha. Dirisha lililo wazi ni kinga. Hata mwenye kiyoyozi afungue madirisha kila asubuhi na jioni.

JOTO TUNALOLIZALISHA WENYEWE

Joto jingine tunalitengeneza ndani. Jiko la mkaa likiwa ndani ya nyumba hutoa joto na pia gesi ya sumu isiyo na harufu, ambayo imeua watu waliolala. Jiko likae nje au kwenye banda lenye hewa. Futari inayochemka muda mrefu, kama maharage na mihogo, ianze mapema asubuhi, si alasiri wakati nyumba imeshapata moto. Balbu za zamani za wati 60 hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Zibadilishe kwa za LED. Friji usiiweke chumba cha kulala, kwa sababu inapoozesha ndani yake inatupa joto chumbani.

FENI NA ZILE MASHINE ZA MAJI

Feni haipoozi chumba. Inampooza mtu, kwa kukausha jasho lake. Kwa hiyo kuiacha ikizunguka chumba kitupu ni kutupa fedha. Usiku, hewa ya nje inapokuwa na nafuu, weka feni karibu na dirisha ivute hewa hiyo ndani. Oga kabla ya kulala na uache mwili na unyevu kidogo. Upepo wa feni utafanya kazi maradufu.

Jihadhari na mashine zinazouzwa kwa jina la feni za maji, ambazo hutiwa maji au barafu. Katika mikoa mikavu kama Dodoma zinaweza kufaa. Lakini huku pwani hewa yenyewe tayari imejaa unyevu. Maji hayakauki upesi, na mashine inaongeza unyevu juu ya unyevu. Mnaamka mmelowa, na ukuta unaota ukungu. Usidanganywe na bei ndogo.

KIYOYOZI KIKIWA LAZIMA

Sisemi kiyoyozi ni haramu. Nyumba yenye mgonjwa, mzee sana au mtoto mchanga katika chumba kisichopoa kwa njia nyingine, kinaweza kuwa cha lazima. Basi kitumike kwa akili. Chagua chumba kimoja na familia ilale humo msimu wa joto. Ziba mianya ya mlango na dirisha. Nunua cha inveta ukiweza, kwa kuwa hakizimi na kuwaka kwa nguvu kila mara. Kiweke kwenye nyuzijoto 25 au 26 pamoja na feni, si 18. Kuweka 18 hakuharakishi ubaridi, kunakizuia kupumzika tu. Safisha chujio lake kila baada ya wiki mbili, kwani vumbi hukilazimisha kufanya kazi zaidi na huleta kikohozi. Na chunga haki ya jirani: maji yake yasidondokee uani kwake, wala hewa ya moto isielekezwe dirishani kwake.

Ushauri huu uwafikie na wasimamizi wa misikiti. Ni jambo la kusikitisha kuona viyoyozi vinaunguruma msikitini huku milango yote iko wazi, na umeme unalipwa kwa sadaka za watu, wengine masikini. Paa jeupe, dari inayopumua, panga boi na miti uani vingewapa waumini nafuu kila siku, hata umeme ukikatika. Umeme ukikatika, nyumba iliyojengwa kwa kutegemea kiyoyozi hugeuka tanuri palepale. Nyumba yenye kivuli na upepo huendelea kukaa vizuri.

TAHADHARI KWA WAGONJWA

Kubana gharama kusigeuke kuwatesa wanyonge. Watoto wachanga, wazee, wajawazito, wenye kisukari na wanaotumia dawa za presha huzidiwa na joto upesi. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpanguse kwa maji na kumpepea, na anywe maji. Kama amefunga na amefikia hali hiyo, afungue. Dini imempa ruhusa, na atalipa siku nyingine. Akianza kuchanganyikiwa, kuzimia au kupata degedege huku mwili unawaka, hiyo ni dharura. Awahishwe hospitali huku mnaendelea kumpooza njiani.

Ndugu msomaji, kabla ya kwenda dukani kuulizia bei ya kiyoyozi, toka nje saa nane mchana uitazame nyumba yako. Tazama bati, tazama dirisha la magharibi, tazama uwanja usio na mti. Fedha ya kiyoyozi kimoja inaweza kutosha kuweka dari, kutoboa matundu ya hewa, kununua panga boi na miche. Hivyo hununuliwa mara moja. Kaskazi itarudi kila mwaka, na Ramadhani nayo Inshaallah itatukuta humo. Tujiandae mapema kabla joto halijaanza.

Wabillahi tawfiq.